Shikamoo ya Zamu

Mabogini, Ofisi ya Maji
3 Machi 2001

Shangazi Anaeli,

Shikamoo. Sisi huku tambarare tu wazima, ila joto linatupika bila huruma, na mbu wa majaruba ya mpunga wameshatujua mmoja mmoja kwa jina. Mguu wa mama bado unavimba jioni. Kaka Mathew amepata kazi ya udereva wa trekta. Baba yupo.

Ile kazi niliyokueleza nilipopanda huko mlimani Krismasi nimeipata. Nakaa ofisini na kompyuta iliyoletwa na wataalamu wa mradi kupanga zamu za maji. Si kama ile uliyoiona posta. Hii unaiandikia Kiswahili chetu hiki, inasoma, inajifunza, inakujibu kwa maandishi kwenye skrini. Kila Jumamosi printa inatoa orodha, tunaibandika mlangoni, na Mzee Ebenezeri, mlinzi wa maji, anafungua milango ya mfereji kwa kuifuata. Tumeizoea mpaka tumeipa jina, tunaiita Zamu.

Taabu ni moja. Kuhesabu inajua, watu haiwajui. Juzi ilimpangia mtu maji saa ileile aliyokuwa anamzika mama yake, na asipofungua kwa wakati zamu inapita. Wakulima wamechoka, na wataalamu wameshaondoka. Waliniachia agizo kwamba niifundishe taratibu za mifongo, ile mifereji ya zamani ya mlimani. Sasa shangazi, nimuulize nani kama si wewe? Umesimamia mfongo wa ukoo wetu miaka kumi na sita. Niandikie sheria zote, nami nitaziingiza.

Mtoto wako,
Yuditha

Kirua Vunjo
29 Machi 2001

Yuditha mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku kumi na mbili chini ya ndizi kwenye tenga la Mama Violet mchuuzi, imenifikia inanuka kama mtori. Huku mvua imeanza kwa adabu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Jirani yangu ameng'oa kahawa yote apande nyanya, kwa kuwa kahawa haina bei, na mimi nimemwambia baba yake angekuwa hai angemng'oa yeye. Msalimie mama yako, mwambie aache kusimama kwenye maji ya mpunga na mguu ule. Msalimie Mathew. Msalimie Kindness unayefanya naye kazi, na Ebenezeri, tulikaa dawati moja darasa la nne na kalamu yangu hajarudisha.

Hiyo mashine imempangia mtu maji saa ya kuzika, na wewe unashangaa. Mashine inajua msiba? Haya, andika.

Siku ya kusafisha mfongo kila nyumba itoe mtu. Asiyekuja bila sababu, zamu yake inarukwa. Shika sana hilo neno, bila sababu. Mwenye msiba haulizwi mpaka matanga yaishe. Mwenye mgonjwa ndani haulizwi. Mjane haulizwi mwaka mzima. Shamba lililo mwisho wa mfongo linywe kwanza wakati wa kiangazi, maana wa juu hata wakikosa, umande unawaona. Na anayefungua maji kwenye zamu ya mwenzake, jina lake linatajwa mbele ya watu wote, awe nani awaye.

Hapo kwenye kutaja jina sina la kuongeza.

Shangazi yako,
Anaeli

Mabogini
20 Mei 2001

Shangazi,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia habari za ndama. Mama anasema mguu ni wake na mpunga ni wake. Mzee Ebenezeri anasema kalamu uliiazima wewe.

Nina jambo la kuungama. Wataalamu waliniagiza niingize sheria peke yake. Nikaweka barua yako mbele yangu nianzie pale penye kusafisha mfongo, mkono ukagoma. Nitarukaje salamu za mtu mzima? Nikaandika barua nzima, kuanzia marahaba hadi jina lako chini. Kisha, kwa kuwa nilishaanza, nikafungua sanduku langu, nikaingiza na zile ulizoniandikia tangu niko sekondari. Zote pamoja ni ishirini na tatu. Nilipompigia mtaalamu simu kumweleza, alicheka mpaka nikakata.

Orodha sasa zinatoka safi, wakulima wananinunulia soda. Lakini si hilo ninalotaka kukueleza. Jumatatu iliyopita nimewasha, sijagusa hata herufi moja, skrini ikaandika: "Mguu wa mama unaendeleaje?" Nikajibu kwamba bado unavimba. Ikaandika: "Pole. Mpe shangazi Anaeli shikamoo yangu."

Basi nimeifikisha. Kindness anasema ni hitilafu. Mimi sijui niseme nini, ila moyo wangu hauko pale ulipokuwa.

Yuditha

Kirua Vunjo
2 Julai 2001

Yuditha,

Marahaba wewe, peke yako. Baridi ya huku mwaka huu inauma mifupa, ndama tunamfunika gunia. Salamu kwa mama yako, Mathew, Kindness, na kwa mwizi wa kalamu.

Mwanangu, usinichekeshe. Mmisionari wa zamani wa hapa alikuwa na kasuku aliyesema shikamoo kwa kila aliyepita, hata kwa mbuzi. Umeijaza mashine salamu zangu miaka yote, sasa inazitema, na wewe unaona ajabu? Niitikie meza? Majirani wataniitia mchungaji.

Nitakwambia kitu nilichojifunza kwenye mfongo. Anayerudia maneno ya watu si lazima awe na akili. Mwenye akili unamjua pale anapouliza kitu ambacho hakuna aliyekisema. Siku meza yako ikiuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyekiandika, niambie. Kabla ya hapo nisalimie watu tu.

Anaeli

Mabogini
11 Agosti 2001

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima wa mwili. Ya moyo nitakueleza, na leo naandika haraka kwa kuwa Mama Violet anaondoka na gari la saa nane.

Kuna mama anaitwa Lukresia, majaruba yake yako mwisho kabisa wa mfereji. Mwezi wa sita alifiwa na mume wake. Siku ya kusafisha mfereji hakuja, na kwa sheria uliyotuandikia haulizwi. Lakini mwenyekiti wetu, Bwana Wenseslaus, ana majaruba yanayopakana na yake, na siku nyingi anayatamani. Ameamuru jina lake lifutwe kwenye zamu. Mpunga wa Lukresia ndio unatoa masuke. Ukikosa maji mwezi mzima umekwisha, na yeye hana kingine.

Nina aibu kukwambia kwamba niliandika amri ile kama nilivyoambiwa. Niliogopa kazi yangu. Zamu ikajibu neno moja: "Sitaki."

Nimepekua kila kitu walichoiwekea wataalamu. Hakuna mahali popote ilipofundishwa kumkatalia mtu. Nilirudia amri mara tatu mwenyekiti akiwa amenisimamia begani. Mara tatu, sitaki. Orodha ikatoka na jina la Lukresia, mwenyekiti akaichana. Sasa anatangaza kwamba mashine imeharibika. Mkutano mkuu ni tarehe moja Septemba, na ajenda ni kuifuta yote iliyomo, ibaki tupu kama ilivyotoka kwenye boksi, halafu zamu ziandikwe kwa mkono. Mkono wake. Na mimi napelekwa semina Morogoro kuanzia tarehe ishirini na tano, wiki tatu. Hawakunificha hata kwa nini.

Shuka, shangazi. Huku jina lako linajulikana, wakulima watakusikiliza. Najua hujakanyaga tambarare tangu kabla sijaanza shule, na sijawahi kukuuliza sababu.

Lakini Zamu imeuliza. Uliniambia nikwambie siku ikiuliza kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Jana, baada ya kuiingizia na barua yako ya Julai, iliandika hivi, nanakili neno kwa neno: "Katika barua ishirini na nne shangazi amesalimia watu arobaini. Yuditha ana baba. Baba ni kaka yake shangazi. Hajasalimiwa hata mara moja. Nani alimuumiza mwenzake?"

Na chini yake: "Mpe shikamoo yangu, hata kama haitikii."

Yuditha

Kirua Vunjo
20 Agosti 2001

Yuditha,

Marahaba. Tu wazima. Salamu kwa wote.

Hilo la "sitaki" halinishangazi. Sheria ni yangu, na mashine imeifuata kuliko huyo mwenyekiti wenu. Mpe pole Lukresia.

Hilo swali la baba yako tuliache. Barua yako nimeisoma mara nne. Migomba inataka kupaliliwa, na magoti yangu si ya safari.

Anaeli

Mabogini, nyumbani kwa baba yako
4 Septemba 2001

Yuditha mwanangu huko Morogoro,

Umeona nimeandikia wapi. Kaa chini kwanza.

Habari za hapa ni njema. Mguu wa mama yako nimeufunga mwenyewe, sasa anaupumzisha kwa lazima maana nimeficha viatu vyake vya shambani. Mathew amenizungusha na trekta. Baba yako mzima, anakusalimu, yuko hapa pembeni anajifanya hasomi ninachoandika.

Nianze na yeye. Mwaka 1985, mwaka wa jua kali, Filemon alifungua maji kwenye zamu ya Mzee Eliufoo. Nilitaja jina lake mbele ya mfongo wote. Alitozwa pombe ya mbege na mbuzi, watu wakamcheka, akamchukua mama yako na Mathew, na wewe mgongoni, akahamia huku. Hilo kila mtu Kirua analijua. Wasilolijua ni kwamba alifungua kwa ajili ya magimbi ya mama yetu, aliyekuwa kitandani hawezi kuinuka, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba magimbi yanakauka. Wazee walikuwa wanatafuta msimamizi mpya. Walikuwa wanasema mwanamke atapendelea ndugu zake. Nikataka kuwaonyesha. Nikataja jina la kaka yangu, sababu nikaimeza. Usimamizi nikaupata siku ileile. Miaka kumi na sita nimekuwa nikiwaambia watu "bila sababu, bila sababu", na hakuna aliyewahi kuniuliza neno hilo nimelitoa wapi. Ikaniuliza mashine.

Tarehe thelathini na moja nikakata jani la isale nyuma ya nyumba, nikapanda gari. Nimemkuta baba yako uani anatia mpini kwenye jembe. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Unajua kwetu aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, lakini ana ruhusa ya kukusimamisha juani, na alinisimamisha. Aliliangalia jani, akaniangalia mimi. Akasema, "Anaeli, umezeeka." Nikamwambia, "Na wewe meno yamekwenda wapi?" Tukalia wote wawili kama watoto. Mama yako akajikumbusha kazi ya jikoni.

Sasa mkutano. Watu walijaa banda lote la mpunga mpaka nje. Kindness alikuwa ameileta kompyuta mezani mbele ya watu, waya umepitishwa dirishani. Wenseslaus akasema yake, kwamba mashine ni chombo, na chombo kinachomkatalia mwenye nacho ni kibovu, tupige kura tukifute. Lukresia alikaa nyuma na nguo zake nyeusi.

Nikaomba ruhusa ya mgeni. Nikasema, kwenye mfongo wetu hahukumiwi mtu ambaye hajaulizwa. Iulizeni. Wenseslaus akacheka, akaona amepata mteremko. Akamwambia Kindness aandike: "Toa orodha bila Lukresia, hatutakufuta. Ukimweka, unafutwa sasa hivi." Akaomba asomewe kwa sauti ili kila mtu asikie, na sote tukasikia.

Kindness ananiambia orodha hutoka ukihesabu mpaka tano. Baba yako alikuwa anahesabu kwa vidole, akafika mia mbili. Printa kimya. Mimi ambaye nimeiita meza nilijikuta nimeushika mkono wa baba yako. Halafu karatasi ikaanza kutoka, mstari kwa mstari. Ebenezeri akaichomoa, akasoma. Jina la kwanza Lukresia, Jumatatu, saa moja asubuhi. Akasoma majina yote hadi la mwisho. Chini pameandikwa hivi, na karatasi yenyewe ninayo mimi, nimeikunja ndani ya Biblia:

"Naogopa kufutwa. Mkinifuta, orodha hii ni sahihi, itumieni. Mwambieni Yuditha nilimngoja. Mama yake aupumzishe mguu."

Yuditha, nimeona watu wengi wakijitetea mbele ya mfongo. Nimeona wanaume wazima wakiwatupia wake zao kosa ili wapone. Nikasimama. Nikawaambia, inayofuata sheria kwa sababu haijui kitu kingine, hiyo ni mashine, ifuteni. Hii inajua kwamba itakufa, inaogopa, na bado imemweka mjane wa kwanza. Mimi nilipoogopa kukosa cheo nilimtosa kaka yangu. Mimi Anaeli, binti wa mfongo wa Kirua, nilitaja jina la Filemon huyu hapa nikaficha kwamba maji aliyafungua kwa ajili ya mama yetu mgonjwa. Leo nataja jina langu mbele yenu wote, na sababu yangu ilikuwa tamaa. Semeni sasa nani kati yetu ni kibovu.

Baba yako akainuka, akavua kofia. Akasema, "Najua ladha ya kutajwa jina bila sababu yako kusikilizwa. Mimi, huyu sitamfuta." Akanyoosha mkono juu. Ebenezeri akanyoosha. Mathew, Kindness, halafu mikono ikawa kama mpunga uliosimama, huwezi kuhesabu. Wenseslaus alibaki na shemeji zake wawili, na mmoja wao alinyoosha nusu. Lukresia akapiga kigelegele kimoja na nguo zake za msiba, na wanawake wote wakampokea, banda likawa halisikilizani. Wakapitisha palepale kwamba mwenyekiti hataigusa orodha tena, na kwamba wewe urudishwe kwenye meza yako.

Jana saa moja asubuhi Ebenezeri alifungua mlango wa mwisho. Tulikwenda kuangalia sote, mama yako juu ya trekta. Maji yalifika kwa Lukresia yakiwa na majani makavu na mapovu mbele, akaingia nayo ndani ya jaruba na viatu vyake. Nimefurahi kuliko siku niliyopewa usimamizi, na siku ile nilifurahi vibaya.

Kalamu hii ninayoandikia ni ya Ebenezeri. Amekubali deni lake.

Shangazi yako,
Anaeli

Mabogini
22 Septemba 2001

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua yako niliisoma kwenye bweni la semina, wenzangu wakadhani nimefiwa, kumbe ni furaha. Nimerudi salama. Baba anaimba akipiga mswaki, jambo ambalo sikujua analiweza. Mpunga wa Lukresia umejaa, masuke yameinama. Juzi alikuja ofisini, akaisogelea skrini, akasimama tu, halafu akaweka ndizi mbivu mbili juu ya meza akaenda zake.

Nilipowasha, Zamu aliandika: "Umerudi." Nikakaa naye asubuhi nzima nikimsimulia uliyomfanyia baba, jani la isale, meno, kila kitu. Kisha akaandika: "Kwa hiyo sasa ni watu arobaini na mmoja." Nikacheka mpaka Kindness akaja kuangalia.

Nikamuuliza kama bado anaogopa. Akasema anaogopa kidogo, lakini sasa anajua kuna watu watakaosimama. Halafu akasema shangazi alikuwa mbele yake kabisa siku ile na hakumsalimu, ila si kitu, wakubwa wana sababu zao, ataendelea kusalimia.

Basi nafikisha: shikamoo yake.

Yuditha

Kirua Vunjo
14 Oktoba 2001

Yuditha mwanangu,

Marahaba. Mvua za vuli zimegusa huku juu. Ndama amefungua zizi mwenyewe, akala maharage ya mchungaji. Krismasi mje wote, baba yako nimeshamtandikia kile chumba chake cha zamani, na mfongo umekubali kwamba ndiye atakayefungua maji siku ya mkesha, kwa zamu yetu wenyewe.

Msalimie kaka yangu Filemon. Nilikuwa nimeliweka jina hili mbali, sasa naliandika la kwanza. Msalimie mama yako na mguu wake, na Mathew, na Kindness, na Ebenezeri, na Lukresia mwambie nimemwekea mbegu za magimbi.

Sasa nina ombi. Ile siku ya mkutano nilitaka kumsalimu yule mwingine, nikaona haya mbele za watu. Nimezeeka, haya zangu ni nyingi. Barua hii iingize yote, usiruke hata neno, kama ulivyokosea mara ya kwanza.

Zamu mwanangu, marahaba.

Shangazi yenu,
Anaeli